Machozi hayafungui mlango uliotiwa kufuli

Imeota mizizi miongoni mwetu imani kwamba mageuzi huja kwa njia mbili tu. Ama Mola atatushushia kiongozi mwenye huruma aje kuwatoa wanyonge katika lindi la dhuluma, ama patatokea msiba mkubwa kiasi cha kuyeyusha nyoyo za wakubwa, nao wabadilike tangu siku hiyo. Wanafunzi huandika hivyo katika insha zao za historia, nasi walimu aghalabu huwapa alama nzuri. Mimi naiona imani hiyo kuwa ya hatari, kwa maana humfundisha raia kukaa kitako akingoja. Isitoshe, historia ya mataifa yaliyotutangulia katika safari ya viwanda haiiungi mkono hata kidogo.

Nitachukua mfano wa Marekani katika miaka ya 1890 hadi 1920, kipindi ambacho nchi hiyo ilikuwa ikigeuka kutoka taifa la wakulima na kuwa taifa la viwanda kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1870 ilizalisha tani zisizotimia 100,000 za chuma cha pua. Kufikia mwaka 1900 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani milioni 10. Njia za reli, zilizokuwa na urefu wa maili 35,000 hivi mwaka 1865, zilikuwa zikikaribia maili 200,000 karne ilipomalizika. Kati ya mwaka 1880 na 1920, wahamiaji zaidi ya milioni 20 walivuka bahari kwenda kutafuta riziki huko, wengi wao wakitoka Italia, Urusi na nchi nyingine za Ulaya Mashariki na Kusini.

Utajiri huo ulikuwa na wenyewe, na gharama yake ilikuwa na wenyewe pia, ila hawakuwa watu wale wale. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watoto wapatao milioni 1.75 wa umri wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa wakifanya kazi mashambani, migodini na viwandani. Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine aliambiwa kwamba alipokubali kazi alikubali na hatari zake. Mwajiri aliruhusiwa kufanya apendavyo ndani ya kuta zake, na mahakama zikamuunga mkono kwa jina la uhuru wa mikataba, kana kwamba msichana wa miaka 15 asiyejua lugha ya nchi na tajiri mwenye kiwanda walikuwa wameketi mezani wakiwa sawa.

Hapana budi kusema kwamba hawakukosekana watu wa kupiga kelele. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya Hull House katika mtaa wa walalahoi mjini Chicago, wakaishi humo pamoja na majirani zao maskini. Mwandishi Ida Tarbell aliichunguza kampuni ya mafuta ya Standard Oil kwa miaka kadhaa na kuyachapisha aliyoyagundua katika gazeti moja la kila mwezi kuanzia mwaka 1902. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru jitu hilo ligawanywe kuwa kampuni 34.

Upton Sinclair naye alichapisha mwaka 1906 riwaya yake The Jungle kuhusu machinjio ya Chicago. Alikusudia wasomaji wawaonee imani wafanyakazi, lakini kilichowashtua ni uchafu wa nyama waliyokuwa wakiila. Mwaka uo huo sheria za ukaguzi wa nyama na za usafi wa vyakula na dawa zikapitishwa, ilhali mfanyakazi wa machinjioni akabaki na jasho lake. Somo la kwanza ndilo hilo: huruma ya msomaji huishia pale tumbo lake linapotulia.

Sasa nikuombe, msomaji, tuende pamoja mjini New York, maana huko ndiko kiini cha hoja yangu kilipo.

Kampuni ya Triangle ilishona blauzi za wanawake katika orofa ya nane, ya tisa na ya kumi ya jengo la Asch, karibu na bustani ya Washington Square. Wenyewe walikuwa Max Blanck na Isaac Harris, nao pia walikuwa wahamiaji waliowahi kuionja shida ya kazi hiyo kabla ya kupata mali. Wafanyakazi wao walikuwa takriban 500, wengi wakiwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano.

Tarehe 22 Novemba, 1909, maelfu ya washonaji wa mji huo walikusanyika katika ukumbi wa Cooper Union. Viongozi wa vyama walihutubu kwa saa kadhaa, kila mmoja akisihi watu wawe na subira. Ndipo msichana mmoja wa miaka 23, Clara Lemlich, alipoomba kusema. Akasema kwa Kiyidi, lugha ya mama zao, kwamba amechoshwa na maneno, na akatoa hoja mgomo uanze. Ukumbi ukaitika. Wafanyakazi wapatao 20,000 waliacha cherehani zao. Mamia walikamatwa na polisi, na wengine wakapigwa barabarani na wahuni waliokodiwa. Kufikia Februari 1910, viwanda vingi vilikuwa vimetia sahihi mikataba ya kupunguza saa za kazi na kuongeza mishahara.

Kampuni ya Triangle haikukubali kukitambua chama. Wasichana wake walirejea kazini na malalamiko waliyotoka nayo, yakiwamo yale ya milango kufungwa na njia za kuepa moto kutotosha.

Yaliyofuata yanajulikana. Jumamosi tarehe 25 Machi, 1911, yapata saa kumi na dakika arobaini jioni, watu wakijiandaa kurudi makwao, moto ulizuka katika orofa ya nane ndani ya pipa la mabaki ya vitambaa. Waliokuwa orofa ya kumi, wakiwamo matajiri wenyewe, walipata habari kwa simu, wakapanda paani na wengi wao wakaokoka. Waliokuwa orofa ya tisa hawakuarifiwa na mtu. Moto wenyewe ndio uliowaarifu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umetiwa kufuli. Ngazi ya chuma ya nje iliporomoka kwa uzito wa waliokimbilia huko. Ngazi za zimamoto zilipofika, zilikomea orofa ya sita. Wasichana wakaanza kuruka madirishani, wengine wakiwa wameshikana mikono, mbele ya umati uliokuwa barabarani.

Katika muda usiozidi nusu saa walikuwa wamekufa watu 146, wanawake 123 na wanaume 23.

Na kwa nini mlango ule ulifungwa? Ulifungwa ili jioni wafanyakazi wote watokee upande mmoja, wakaguliwe mikoba yao, asije mtu akaondoka na kipande cha kitambaa. Alipoulizwa mahakamani thamani ya vitu vilivyowahi kuibwa, Harris alitaja kiasi kisichozidi dola 25.

Kinaya kikubwa ni kwamba jengo lenyewe halikuteketea. Lilikuwa limejengwa kwa namna ya kustahimili moto, nalo lastahimili hadi leo, likiwa mali ya Chuo Kikuu cha New York. Mwenye jengo alikuwa amelilinda jengo lake. Aliyekosa wa kumlinda ni aliyekuwamo.

Hapa ndipo ninapotaka walimu na wanafunzi wa historia watulie kidogo. Vitabu vingi husimulia kana kwamba kabla ya moto ule hapakuwa na sheria, na baada yake zikatungwa. Sivyo. Sheria ya kazi ya jimbo la New York tayari ilikuwa imepiga marufuku kufunga milango ya kiwanda wakati wa kazi. Wale watu 146 walikufa wakiwa na sheria ya kuwalinda. Walichokosa ni mtu wa kupanda ngazi, kukishika kitasa cha mlango kwa mkono wake na kuuliza kwa nini hakifunguki. Wakaguzi wa jimbo walikuwa wachache mno, viwanda vilikuwa maelfu, na wenye viwanda walilijua hilo fika.

Blanck na Harris walishtakiwa kwa kusababisha vifo. Tarehe 27 Desemba, 1911, wazee wa baraza waliwaachilia huru baada ya kushauriana kwa muda usiotimia saa mbili. Hakimu alikuwa amewaeleza kwamba ni lazima waridhike pasipo shaka kuwa washtakiwa walijua mlango umefungwa saa ile ile. Mwaka 1914 kesi za madai zilimalizwa kwa malipo ya dola 75 kwa kila roho. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Blanck alipatikana tena amefunga mlango wa kiwanda chake kingine wakati wa kazi. Alitozwa faini ya dola 20. Kama msiba peke yake ungekuwa mwalimu, huyu angekuwa wa kwanza kuhitimu.

Basi ni nini kilichobadilisha mambo? Kwa maoni yangu, yalibadilishwa na watu waliokataa kuishia kwenye matanga.

Tarehe 2 Aprili, 1911, ulifanyika mkutano mkubwa katika ukumbi wa Metropolitan Opera, waheshimiwa na matajiri wenye nia njema wakiwamo. Rose Schneiderman, mwanaharakati wa wafanyakazi ambaye mwenyewe aliwahi kushona kofia, alisimama akawaambia bila kupepesa macho kwamba hakuja kuwashukuru kwa sadaka zao. Alisema damu iliyomwagika ni nyingi mno, na kwamba wafanyakazi hawatakombolewa na mtu ila kwa nguvu ya umoja wao. Siku tatu baadaye umati mkubwa uliandamana katika mvua kuwazika marehemu ambao hawakuweza kutambuliwa.

Katika umati ulioshuhudia wasichana wakiruka alikuwamo Frances Perkins, mwanamke wa miaka 30 aliyekuwa akifanya kazi katika tawi la New York la Ligi ya Watumiaji Bidhaa. Ligi hiyo iliongozwa kitaifa na Florence Kelley, aliyewahi kuishi Hull House na ambaye mwaka 1893 aliteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo la Illinois. Tazama jinsi uzi unavyoungana: aliyelelewa na harakati moja ndiye aliyemlea wa harakati iliyofuata.

Shinikizo la vyama, la magazeti na la raia wa tabaka la kati lililazimisha bunge la jimbo kuunda tume ya kuchunguza viwanda mnamo Juni 1911. Mwenyekiti wake alikuwa Robert Wagner na makamu wake Alfred Smith, wanasiasa wawili waliotoka katika chama cha mjini kilichosifika zaidi kwa hila kuliko kwa mageuzi. Katika mwaka wake wa kwanza tume hiyo ilikagua viwanda na karakana 1,836, ikasikiza mashahidi 222.

Perkins, aliyekuwa mmoja wa wachunguzi wake, hakuridhika na kuwasomea waheshimiwa hao ripoti. Aliwachukua akawapeleka. Alimfanya Wagner atambae katika tundu dogo ukutani, lililoandikwa kuwa ni njia ya kuepa moto, atokeze kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu na isiyofika chini. Alimwamsha Smith alfajiri akawatazame wanawake wakitoka kazini baada ya kusokota kamba usiku kucha. Mwanasiasa anaweza kubishana na ripoti. Na tundu alilotambaa mwenyewe atabishana nalo vipi?

Kati ya mwaka 1911 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 30. Zilidai vyombo vya kunyunyizia maji vinavyojifungua vyenyewe moto unapotokea, mazoezi ya kutoka jengoni, njia za kutosha za kutokea na vyoo safi. Sheria ya mwaka 1912 iliweka kikomo cha saa 54 za kazi kwa wiki kwa wanawake na vijana viwandani. Na lililo muhimu kuliko yote, mwaka 1913 idara ya kazi ya jimbo iliundwa upya na kuongezewa wakaguzi. Wenye mali walilalama kwamba gharama zingewafilisi. Viwanda vya New York havikufa.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Mwaka 1916 bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisisafirishwe kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa kura tano dhidi ya nne. Watoto hao, ambao Lewis Hine alikuwa akiwapiga picha viwandani na migodini tangu mwaka 1908, walilazimika kungoja hadi mwaka 1938 kupata sheria ya kitaifa iliyodumu. Wanawake walioongoza migomo hawakuwa na kura. Katika jimbo la New York waliipata mwaka 1917, na katika nchi nzima mwaka 1920.

Zaidi ya hayo, wanamageuzi wengi walifumba macho mbele ya dhuluma kubwa kuliko zote. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ilihalalisha ubaguzi wa rangi katika kesi ya Plessy. Mwaka 1913 serikali ya Rais Woodrow Wilson, aliyesifiwa kuwa mpenda maendeleo, ilianza kuwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi za serikali kuu. Ida B. Wells, aliyekusanya kwa kalamu yake hesabu za Waamerika weusi waliouawa na makundi ya wazungu, hakusikizwa kama walivyosikizwa wengine. Harakati za mageuzi zinaweza kumfungulia mmoja mlango huku zikimfungia mwingine, na mwanafunzi makini hana budi kuliandika hilo pia.

Hata hivyo, waliokipata kisa cha Triangle hawakukiacha. Mwaka 1933 Frances Perkins akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Sheria ya mwaka 1935 iliyolinda haki ya wafanyakazi kuungana ina jina la Wagner yule yule aliyetambaa katika tundu. Toka kufuli ya mwaka 1911 hadi sheria za miaka ya 1930 kuna zaidi ya miaka 20 ya kuhesabu, kuandika, kushawishi na kukagua. Kazi hiyo haina ngoma wala vigelegele, ndiyo maana hatuipendi.

Pengine yupo atakayeuliza, mambo ya New York yatuhusu nini sisi wa Kenya? Ningependa ayaweke maswali yake karibu na tarehe zifuatazo. Mwezi wa Machi mwaka 1998 wasichana 26 waliangamia kwa moto katika bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu huko Pwani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, 2001, miaka 90 baada ya moto wa Triangle, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Tulilia. Kisha mwaka 2008 wizara ya elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, na mwongozo huo ni mzuri: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Tarehe 5 Septemba, 2024, moto uliwaka katika bweni lililojaa watoto zaidi ya 150 katika Shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na watoto 21 wakafariki. Baada ya hapo ndipo ukaguzi ulipofanywa, na shule nyingi za msingi zikaamriwa zifunge mabweni yao kwa kutotimiza masharti. Masharti hayo yalikuwa yametimiza miaka 16 kwenye karatasi.

Tofauti ya kiwanda cha blauzi na bweni la shule ni kubwa, sikatai. Lakini kufuli haijui tofauti hiyo. Kote kuwili sheria au mwongozo ulikuwapo, hofu ya mwenye jengo ilihusu wizi au utoro, na mkaguzi alifika baada ya jeneza.

Kwa hiyo ninawasihi walimu wenzangu tuache kufundisha mageuzi kama orodha ya mashujaa na tarehe. Tuwafundishe wanafunzi kuuliza: sheria ilisema nini kabla ya msiba? Nani aliyepaswa kuitekeleza, na alikuwa na wasaidizi wangapi? Nani alihesabu, nani aliandika, na nani alifuatilia hata watu walipochoka kusikia? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo katika somo la Marekani atayauliza atakapokuwa mfanyakazi katika viwanda vya Athi River, na atayauliza akiwa mzazi anayempeleka mwanawe shule ya bweni.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa wakubwa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Clara Lemlich alikuwa na miaka 23, na wengi waliomfuata walikuwa wadogo kuliko yeye. Usiku wa leo, kabla ya taa kuzimwa, tazameni milango ya bweni lenu iko mingapi, yafunguka kuelekea wapi, na ufunguo uko kwa nani. Yaandikeni majibu, na kesho asubuhi mumpelekee mwalimu mkuu kwa heshima zote. Akinyamaza, pelekeni kwa wazazi.